Kitenge cha Orpha Kinarudi Venisi

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, Orpha Nsimire amepiga magoti mbele ya binti yake. Haombi msamaha, na binti hajatawazwa kuwa malkia, ingawa kwa alivyosimama ungedhani hivyo. Orpha anapima upindo wa gauni la kitenge. Pini tatu amezibana midomoni, na anaongea bila kuangusha hata moja.

"Simama wima, Gaëlle. Ukipinda wewe, gauni litapinda, na Waitaliano watanilaumu mimi."

"Waitaliano hawakujui, Mama."

"Watanijua kwa mshono."

Hapa ni mtaa wa Jeppestown, ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa karakana ya magodoro. Mafundi watatu wamegawana chumba. Orpha, mwenyeji wa Bukavu, hulipa randi mia tisa kwa mwezi kwa upande wa dirishani, na anasema nusu ya kodi hiyo ni ya jua. Kwenye kamba yananing'inia magauni mengine kumi na moja, yote ya kitenge kimoja cha buluu chenye ndege wa manjano, alichokinunua kwenye maduka ya Fordsburg baada ya kumchosha muuzaji kwa kupatana bei hadi akamletea kiti.

Ni ya wasichana wa kwaya ya shule ya Gaëlle. Jumanne wanapanda ndege kwenda Italia kuimba, na wamepewa siku moja ya kuzunguka Venisi, mji wa kale uliojengwa juu ya maji, ambako wapenzi wa dunia nzima huenda kuahidiana mambo. Walioalikwa ni wanafunzi na mwalimu wao. Mama mshonaji hayumo.

Kwamba magauni yatavaliwa jukwaani, hilo halina ubishi. Ubishi ni wa mitaani. Orpha anataka wasichana wayavae siku nzima ya Venisi. Wao wanataka jinzi. Leo wamemtuma Gaëlle alete jibu la mwisho.

"Eish, Mama," anasema Gaëlle, mwenye miaka kumi na sita, mzaliwa wa Hillbrow, mjini hapa hapa. "Watu kumi na wawili, rangi moja? Tutaonekana kama tangazo la sabuni."

"Na sisi tulionekana hivyo hivyo. Sabuni ikanunuliwa."

'Sisi' hao ni wanafunzi wa shule moja ya masista huko Bukavu, miaka ishirini iliyopita. Orpha alikuwa anasomea ualimu. Wafadhili waliialika kwaya yao Italia, nao pia wakapewa siku moja Venisi. Walitoka kituo cha treni wamevaa kitenge sare, wameshikana mikono wawili wawili, na kosa lao likaanza pale pale mlangoni.

Walisalimia watu.

"Kwetu humpiti mtu mzima kama unayepita mti," anaeleza Orpha. "Tulikuwa tumejifunza salamu yao, bonjorno, ndani ya ndege, basi tukaitumia. Muuza samaki, bonjorno. Mzee na mbwa wake, bonjorno, hata mbwa. Watalii wa Japani wakatuinamia. Ukiinamiwa utafanyaje? Tukainama. Wakainama tena."

Hapo anazitoa pini mdomoni, maana kicheko hakimwachii nafasi.

Hadi saa sita mchana walikuwa wamevuka madaraja mawili. Sista Jeanne, aliyewaongoza, alikuwa akitazama saa na mbingu kwa zamu. "Wanangu," aliwaambia, "mkitaka kuwasalimia watu wote wa mji huu, kanisa kubwa tutaliona tukiwa na mvi."

Hawakuliona kabisa. Kwenye daraja la tatu Orpha alikanyaga upindo wake, ukafumuka. Juu dirishani alikuwapo bibi mmoja waliyekuwa wametoka kumsalimia. Alishuka na sindano, akapiga magoti kichochoroni, akaushona ule upindo Orpha akiwa bado amevaa gauni. Wenzake wakaimba wakisubiri. Majirani wakafungua madirisha. Mmoja akaleta mkate, mwingine akamletea Sista kiti. Siku ikaishia hapo, kisha mbio hadi kwenye treni.

"Watu huniuliza, Venisi uliona nini? Najibu, kichochoro," anasema. "Lakini nakikumbuka kuliko nyumba ya wazazi wangu. Harufu ya maji, vitunguu vinakaangwa, mikono ya yule bibi. Sikujua kwamba mshono unaweza kujificha vile. Niliporudi nikawaambia masista, ualimu basi, nipeni sindano."

Anavuta uzi.

"Picha zote zilibaki Bukavu, na nyumba ikaungua. Niliyeshikana naye mkono siku ile ni Masika. Alifariki mwaka juzi, Goma. Wengine vita vimewatawanya, sijui hata nani yu hai. Nikiyaona magauni haya kwenye kamba, natuona."

Gaëlle amesikia habari ya Wajapani tangu utotoni. Hii hakuwahi kuisikia.

"Ya Masika hukuniambia," anasema.

"Ulikuwa unacheka. Sikutaka kukuharibia."

Kisha Gaëlle anajipapasa nyongani.

"Simu tutaweka wapi?"

"Simu gani?"

"Gauni halina mifuko, Mama. Siku nzima mjini bila mfuko? Weka mifuko, nami nawaambia tunavaa."

Orpha anaitazama kamba. Kila gauni lina bitana, na kila mshono wa ubavuni umekwisha kufungwa.

"Mfuko mmoja," anasema.

"Miwili."

"Umekaa Fordsburg sana wewe."

Gaëlle anawaandikia wenzake, kidole kinakimbia. Majibu yanaingia, naye anainua uso. "Sharp. Wamekubali. Ila wanauliza kama itakuwa mikubwa."

Orpha anaivuta meza karibu na dirisha, anachukua wembe, na kuanza kufumua gauni la kwanza. Kazi ya siku mbili imezaliwa upya, na ndege haisubiri mifuko. Hanung'uniki, anaimba kwa chini.

Anasema anataka kitu kimoja tu kutoka Venisi: wasimame wote kumi na wawili kwenye kichochoro chochote, wapigwe picha.

"Nitaitundika hapa juu ya cherehani," anasema. "Mteja akiuliza ni akina nani hao, nitamwambia ni sisi."