Maharage ya Nsimire Nyuma ya Kufuli Mbili

Emérence nilimjua kwa matusi. Nilikuwa dereva wa basi huko Thamesmead, mvua inanyesha, nikafunga mlango mbele ya mwanamke aliyekuwa akikimbia na mifuko yake. Akagonga kioo, akanitukana kwa Kiswahili cha Bukavu, akidhani hakuna dereva wa London atakayesikia. Nikafungua mlango nikamwambia, "Mama, mimi ni Mhaya wa Bukoba, na mdomo wangu ni mrefu kuliko wako." Akapanda, akakaa kiti cha mbele, akaendelea kunitukana mpaka mwisho wa safari. Tangu siku hiyo tukawa ndugu.

Alikuja London mwaka 1998 na binti yake Keren, baada ya vita kumchukua mumewe. Akaomba hifadhi, akasubiri, akapata. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha vikongwe wa Kiingereza na kuwaimbia mapambio ya kanisani kwao, nao wakampenda bila kuelewa neno. Akifiwa Mkongo yeyote upande huu wa mto, Emérence alikuwa wa kwanza kufika na sufuria. Hakujua kupika chakula cha watu wanne. Alipika cha watu arobaini, halafu akawatafuta.

Mwaka 2003 Keren akachumbiwa na Serge, kijana mpole wa Goma ambaye Emérence alimkagua kama anayenunua ng'ombe, kisha akamkubali. Mtu mmoja tu ndiye aliyekosekana kwenye furaha hiyo, naye ni bibi yake Keren, mama mzazi wa Emérence, mama mzee Nsimire, aliyebaki kijijini Walungu, Kongo, akilima. Aliomba viza, akanyimwa, eti hakuthibitisha kwamba atarudi kwao. Mwanamke ana shamba, ana mbuzi, ana kaburi la mumewe nyuma ya nyumba, halafu anaulizwa ni kitu gani kitakachomrudisha! Mimi nilipiga kelele kwenye simu kwa niaba ya ukoo mzima. Nsimire mwenyewe hakupiga kelele. Alisema kama yeye hafiki, maharage yake yatafika, na wageni wa mjukuu wake watakula kutoka mkononi mwake.

Katika ukoo wao, bibi asiyelisha wageni wa ndoa ya mjukuu anahesabiwa kama hakuwepo duniani. Kwa hiyo hayakuwa maharage ya kuongezea mboga. Alikuwa ni yeye mwenyewe anakuja, kwa magunia mawili. Aliyapanda, akayavuna, akayachambua punje kwa punje, akashona midomo ya magunia kwa utepe wa kitenge chake kikuukuu cha kijani chenye ndege wa njano.

Wa kuyasafirisha alikuwa Nadim, Mhindi wa Kisumu aliyeuza mchele, dengu na unga kwa maduka ya Kingsbury. Mimi ndiye niliyewakutanisha. Nadim alikuwa mtu wa zamani, mtu wa neno. Kwake hakukuwa na kuandikiana, maana kumwomba risiti mtu anayekuita dada ni kumtukana. Magunia yakapanda kontena lake Mombasa bila malipo. Na kwa wema wake, ili yasisumbuliwe bandarini, akaagiza yagongwe muhuri wa kampuni yake kama mzigo wake mwenyewe. Akayatunza kwenye godauni lake hadi siku ya harusi, kwa sababu fleti ya Emérence ilikuwa na ukungu ukutani. Muhuri ule wa upendo ndio uliotumaliza.

Mwezi mmoja kabla ya harusi Nadim akanipigia simu, sauti imekauka. "Evo, ndugu yangu, mimi nimekwisha. Benki imeenda kortini. Kampuni imefungwa, funguo si yangu tena."

"Na magunia ya Emérence?"

"Yako ndani. Mimi nimesema ni ya dada yangu. Wao wanasema muhuri ni wa kampuni."

Tukavuka London nzima na kigari changu, foleni ya handaki la Blackwall ikitunyonya roho, tukafika Kingsbury tukakuta mlango wa godauni una kufuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mfilisi aliyewekwa na mahakama, kijana wa suti, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya mali ya kampuni awagawie waliokuwa wakiidai. Ya pili ilikuwa ya afisa afya wa manispaa, kwa sababu jirani mmoja alikuwa ameripoti panya. Afisa huyo alikuwa mwanamke, lakini mimi nilimwita Bwana Afya, maana ndivyo tunavyowaita kwetu na sikuwa na hali ya kubuni jina jipya.

Sasa sikilizeni. Mfilisi alisema hakuna gunia litakalotoka mpaka ijulikane ni la nani. Tukamwambia aingie aone kitenge. Akasema hawezi kuingia, kuna kufuli ya manispaa. Tukaenda manispaa. Bwana Afya akasema hakuna chakula kitakachotoka mpaka akikague, na kukikagua ni lazima afungue magunia. Tukamwambia afungue. Akasema mfilisi amekataza magunia yasiguswe mpaka ijulikane ni ya nani. Nimeyaandika polepole kabisa, na bado yananitia kichaa. Tulipigwa danadana kutoka ofisi hii hadi ile, na kila tulipofika palikuwa na kiti, maji ya kunywa na mtu mwenye adabu aliyesikitika sana. Afadhali wangetufukuza! Ukifukuzwa unajua pa kuupeleka mguu.

Waswahili husema kuku wako, manati ya nini. Emérence alihitaji manati, mkuki na wakili.

Keren alichoka mapema. Alikuwa bibi harusi, ana gauni la kuwaza. "Mum, just buy beans from the shop," alimwambia. "Nobody will know."

"Mama yangu atajua."

"She's in Walungu!"

"Atajua," Emérence akasema. Kisha akaniambia mimi, kana kwamba ni mimi niliyebisha, "Evo, kama bageni banakula maharage ya duka, basi mama yangu hakukuya. Vraiment, nitamwambia nini?"

Wakili wa bure wa pale kanisani akatufikisha mbele ya jaji wa mambo ya ufilisi. Emérence alivaa kama anakwenda ubatizo. Jaji alikuwa mzee mtulivu, alisikiliza, akauliza mambo ya maana, nami nikaanza kuwa na matumaini kama mjinga. Mwishowe akasema kwamba swali la mali ni ya nani lilikuwa lake, na swali la kama inafaa kuliwa halikuwa lake, lilikuwa la manispaa. Akaamuru wote wawili wafungue kufuli siku moja, saa moja, mbele ya mama huyu. Nilitaka kumbusu. Sikujua alikuwa ametufungulia mlango wa shimo.

Siku ilipofika, wiki mbili kabla ya harusi, tulisimama mlangoni mimi, Emérence, Nadim akiwa amekonda, mfilisi na Bwana Afya. Kila mmoja akafungua kufuli yake bila kumtazama mwenzake. Ndani kulinuka bizari na vumbi. Panya walikuwa wameutafuna mchele wa Nadim bila huruma, lakini yale magunia mawili, juu ya mbao pembeni, yalikuwa mazima. Ndege wa njano walikuwa palepale. Emérence akayakimbilia, akakumbatia moja kama anayempokea mtu kituoni.

"Iko yenyewe!" akasema. "Evo, waambie. Mama yangu alilima ye mwenyewe, hakuna mutu mwingine alishika. Kitambaa ni ya nguo yake. Hata sindano naijuwa!"

Nikatafsiri kwa majivuno yote ya Bukoba. Nadim akaapa kwamba ni kweli. Mfilisi akakitazama kitenge, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kwangu imetosha," akasema. "Asaini hapa kwamba ni yake, nami nimemaliza."

Lakini Bwana Afya alikuwa ameacha kuandika. "Amesema mama yake aliyalima mwenyewe? Hakuna aliyeyakagua kabla hayajasafiri?"

"Nani akague?" nikamjibu. "Ni shamba la mama yake!"

"Basi yameingia nchini bila cheti, chini ya muhuri wa kampuni isiyokuwa na haki nayo. Yakiwa ya huyu mama, sina budi kuyaharibu. Yatamwagiwa rangi ya buluu, kisha yachomwe."

Nikadhani Kiingereza kimenipotea. "Na yakiwa ya kampuni?"

"Mzigo wa kampuni una cheti cha kontena zima. Watu hawawezi kuyala, kwa sababu ya panya. Ila mfilisi anaweza kuyauza kiwanda cha chakula cha mifugo, pamoja na hayo mengine."

Mfilisi akahamaki. Akasema manispaa haina mamlaka ya kuharibu mali iliyo chini ya ulinzi wa mahakama. Bwana Afya akasema hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha kupitisha chakula kisicho na cheti. Wakazozana juu ya kichwa cha Emérence, kila mmoja na kifungu chake cha sheria. Mpaka Bwana Afya akasema, "Lakini akishasaini kwamba ni yake, hayako tena chini ya mahakama yako." Mfilisi akafikiri kidogo, akasema, "Kweli." Kwa muda wote huo hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa ya kukutana. Wakakubaliana hapo.

Nilipandwa na hasira nikasema maneno ambayo shirika la mabasi lingenifukuzia kazi. Nadim akaketi juu ya mbao, akajishika kichwa. "Ni muhuri wangu," akawa anasema. "Dada, mimi nilitaka kusaidia tu."

"Evo," Emérence akasema. "Tafsiri."

Nikatafsiri yote. Akisema ni yake, yanachomwa. Akisema si yake, yanakwenda kwa nguruwe. Alisikiliza huku mkono wake uko juu ya utepe wa kitenge. Nilisubiri matusi, na kwa kweli niliyatamani, nilitaka yamwagike yale ya siku ya basi, yawaoshe wote wawili.

"Ile kiwanda," akauliza, "banapikaka?"

Sikuelewa. Nikauliza hata hivyo. Mfilisi akasema ndiyo, maharage mabichi ni sumu kwa nguruwe, kwa hiyo hupikwa kwanza kwa mvuke.

"Na ile nguruwe, banakulaka yote?"

"Emérence, unauliza nini?"

"Uliza, Evo."

Nikauliza. Mfilisi, ambaye sidhani kama shuleni alifundishwa swali hilo, akasema anaamini wanakula yote.

Emérence akauondoa mkono wake kwenye gunia. "Waambie haiko yangu."

"Wewe!"

"Waambie. Nilikosea. Hii kitambaa sijuwe. Mama yangu hakulima byakula bya kuchoma."

Mfilisi, si mtu mbaya yule kijana, akasema kwa upole kwamba alimsikia vizuri dakika chache zilizopita. Akamuuliza kama ana hakika. Emérence akamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha nyumba ya wazee, neno moja moja, "Not mine, darling." Akatoka nje. Bwana Afya akaiangalia kalamu yake. Sikumwonea huruma, na leo pia simwonei.

Kwenye gari, toka Kingsbury mpaka handakini, Emérence alikuwa akipangusa polepole vumbi la gunia kwenye gauni lake. Mwanamke yule aliyeweza kugombana na mlango wa basi! Mimi nililia nikiwa nimeshika usukani, na sioni aibu kulisema. Nimewahi kuona watu wakinyang'anywa mali kwa bunduki. Sikuwahi kuona mtu akibembelezwa mpaka amkane mama yake, kwa adabu, katikati ya watu wawili ambao kila mmoja alikuwa anafuata sheria sawasawa.

Harusi ilifanyika. Lori la kiwanda lilikuwa limekuja wiki ile iliyotangulia, na Nadim, aliyeyasindikiza magunia mpaka kiwandani, kisha mpaka shamba la nguruwe, kwa kuwa moyo ulikataa kuyaacha, alituambia nguruwe walilamba hata kingo za hori. Emérence alipika maharage ya dukani. Aliyapika kwa mawese, na sombe, yaani kisamvu, kando, watu wakasifu, Keren akapendeza, mabinamu wa Serge wakacheza ndombolo hadi sakafu ya ukumbi ikalalamika. Nadim alipita na sinia akihudumia kama mtoto wa nyumbani, hakukubali kukaa.

Ndipo Walungu ikapiga simu. Keren akaweka sauti ya nje, muziki ukazimwa, na mama mzee Nsimire akambariki mjukuu wake kwa Kishi, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili mpaka nusu ya watu wakatoa leso. Kisha akamwita binti yake.

"Emérence, maharage ilifika muzuri?"

Emérence akaisogeza simu karibu na mdomo. Nadim akasimama na sinia lake. Mimi nikatazama sahani yangu.

"Ilifika, mama."

"Na balikula?"

"Balikula, mama. Habakubakisha hata moja."

Kule Walungu mzee akacheka kwa furaha, kicheko kikajaa ukumbi mzima. "Nilijuwa! Basi nikivuna tena, nitatuma ingine."

"Asante, mama," Emérence akasema. "Tuma."