Kundi la Maombi Liliingia Kortini

Asubuhi ya kesi nilikaa ofisini kwangu Sotik, kompyuta mbele yangu. Mteja wangu, mjane, alikuwa nyumbani kwake, simu ameiegemeza kwenye birika, akitoa ushahidi kwa video. Shemeji yake alitaka kumnyang'anya shamba la majani chai aliloachiwa na mumewe. Shahidi wetu wa pekee alikuwa jirani mzee aliyepanda ua wa mpaka pamoja na marehemu. Nilikuwa nimemkanya mzee huyo hadi akanichoka: asisikilize mama huyu akihojiwa, angoje nimpigie. Shahidi akishasikia ya mwenzake, ushahidi wake unaingia doa.

Mama alianza vizuri. Kisha nikaona vijipicha vinaongezeka pembeni mwa skrini. Dari ya mabati. Kidevu. Ng'ombe akikamuliwa. Mtu mwingine alikuwa shambani anachuma chai, tunaona vidole tu. Kumwandikia mtu aliye kwenye kiapo ni kosa, kwa hivyo simu yangu niliiacha mezani.

Hakimu akavua miwani. "Hawa watu ni nani?"

"Ni kanisa, mheshimiwa," mama akasema. "Nimewatumia linki kwa grupu ya maombi. Kwetu mtu haendi kwa jambo kubwa peke yake."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Tunajisifu kwamba mahakama imeingia kwenye simu, tukasahau simu za huku ni za mtaa mzima. Nilimpa mama linki kama ufunguo wa nyumba, naye akafungua mlango, akakaribisha wageni kama kawaida yetu.

Wakili wa shemeji akawahi kusema. "Mheshimiwa, kuna shahidi wao humu ndani?"

Nikapekua uso mmoja baada ya mwingine, na mimi sasa nikiomba kuliko kanisa lote. Mzee sikumwona.

"Simwoni, mheshimiwa."

Kijipicha kimoja cheusi, kisicho na uso, kikafungua maiki.

"Niko hapa, wakili," sauti ya mzee ikasema kwa furaha. "Nimeingia na simu ya mke wangu. Nimesikia yote, na huyu mama amesema ukweli mtupu."

"Amina!" kanisa likaitikia.

Mama akatabasamu kwenye kamera. Alidhani tumeshinda.