Mama Usipumue na Kamera ya Wifi

Mtaani walimwita Mama Usipumue. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa mpiga eksirei hospitalini, na yeyote aliyewahi kuvunjika mbavu au kukohoa kupita kiasi alishasimama mbele ya mashine yake, kidevu juu, mabega mbele, akisikia sauti kutoka nyuma ya kioo: "Vuta pumzi. Shikilia. Usipumue." Kisha mlio mfupi, kama mtu anayesonya chumba cha pili. "Haya, pumua." Watoto wakimkuta anatoka dukani na mkate, walijaza mashavu hewa wakamkodolea macho mpaka awaambie, "Haya, pumueni," ndipo watawanyike wakicheka.

Chumba alichofanyia kazi hakikuwa na dirisha. Humo mfupa ulikuwa mweupe na hewa ilikuwa nyeusi, na mgonjwa akitikisika hata kidogo picha ilitoka na ukungu, ikabidi irudiwe. Picha yenye ukungu aliichukia kama mpishi anavyochukia harufu ya chungu kinachoungua.

Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno mengi na mzaha usioisha. Jioni moja alirudi nyumbani uso umekunjuka, akaweka mkoba wa vifaa mlangoni, akasimama katikati ya sebule kama mtu anayetaka kupigiwa makofi. Mwenye nyumba moja ya wageni kando ya bahari, ambaye fundi alikuwa amemponyeshea chumba chake cha baridi baada ya mafundi wengine kushika vichwa, amewaalika waende wakapumzike siku chache, familia nzima.

"Bahari, mke wangu! Siyo ile ya kwenye kalenda. Bahari yenyewe, yenye maji!"

Binti yao, ambaye baba yake alimwita Bosi kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akitoa amri, hakuinua macho kwenye madaftari yake. "Sawa," alisema. "Lakini picha hakuna."

Fundi akarudi mlangoni kuuokota mkoba wake.

Ilikuwa hivi. Miaka michache nyuma Bosi alianguka na baiskeli, akaletwa hospitalini mdomo umejaa damu. Mama yake alikuwa zamu. Wenzake walimwambia aachie mwingine, akakataa. Alimsimamisha mwanawe mwenyewe mbele ya mashine na kumwambia maneno yale yale anayowaambia watu wote, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Taya lilikuwa limevunjika. Likaunga, ila liliunga likiegemea upande, na kidevu kikafuata. Kidogo tu, mgeni asingeona. Bosi hakuona kingine chochote. Tangu siku hiyo, ikitokea kamera, mkono wake ulipanda kidevuni wenyewe, au alijificha nyuma ya mabega ya wenzake. Kwa hiyo picha ya mwisho ya binti aliyokuwa nayo mama ilikuwa ile ya hospitali: meno, taya, na ufa mwembamba kama unywele.

Alitaka picha moja. Yenye ngozi, yenye macho.

Alimwendea wifi yake, ambaye zamani aliwahi kujitia mpiga picha wa harusi, akaazima kwake kamera iliyokuwa imelala kabatini ndani ya soksi ya sufu. "Ukiizamisha baharini, wifi, na wewe zama nayo," aliambiwa. Kisha akapanda ngazi za jengo lililoko mkabala na hospitali, juu ya kinyozi, hadi kwenye studio ya mwanamke kijana aliyejulikana kwa wote kama Dada Pasipoti, kwa kuwa picha za pasipoti ndizo zilizomlisha.

Dada Pasipoti alikuwa akitafuna bazoka. Alimsikiliza, akaweka kikombe cheupe dirishani.

"Piga hicho."

"Kikombe?"

"Kikombe hakilalamiki."

Mama Usipumue alikipiga kikombe hicho mapumziko yake yote ya mchana kwa wiki nzima. Alijifunza kwamba kamera ina tundu linalopanuka na kusinyaa kama mboni ya paka, na pazia linalofunguka na kufunga. Kwamba tundu kubwa hutia mwanga mwingi na kufanya vilivyoko nyuma vilegee kama vinasinzia. Kwamba pazia likifunguka kwa kasi, hata tone la maji linasimama hewani. Alijifunza kubonyeza kitufe nusu, asubiri kamera ilenge, ndipo amalizie. Kilichomshinda kilikuwa watu. Mteja wa kwanza ambaye Mama Usipumue aliruhusiwa kumpiga, mwalimu mmoja mpole, aliganda kitini kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku.

"Mama," Dada Pasipoti alimnong'oneza, "umemwambia avute pumzi."

"Nimemwambia?"

"Umemwambia, tena na ashikilie. Mtu si pafu, mama yangu. Mwache. Wewe ndiye ukae kimya, yeye atajisahau mwenyewe."

Basi akaanza kunyamaza. Na katika kunyamaza huko, kitu kikamtokea ambacho hakukitarajia: dunia ikawa laini. Akitoka kazini, alisimama kando ya njia na kuona mashati yaliyoanikwa yakijaa upepo na jua, kila moja likiwa na mtu wa mwanga ndani yake. Aliona mistari ya mwanga ikipita kwenye mlango wa mbao wa duka la rangi na kulala juu ya mikono ya muuzaji. Mchana mmoja, kwenye foleni ya benki, jua lilikuwa nyuma ya watu, na masikio yao yote yalikuwa mekundu, yamepenywa, mishipa midogo inaonekana kama mito kwenye ramani. Alisimama akiyatazama masikio hayo mpaka askari wa mlangoni akamuuliza kama anajisikia vizuri. Miaka yote hiyo amekuwa akidhani ni mashine yake peke yake inayoweza kumwona mtu ndani.

Nyumbani alianza kupika huku akitazama mvuke. Fundi aliwaambia majirani kwamba mke wake amechukuliwa na mapenzi, na kwamba mpinzani wake ni dirisha.

Siku ya safari ikafika. Nyumba ya wageni ilikuwa nyeupe, ya chini, mlango wake wa nyuma unatoka moja kwa moja mchangani. Chumba chao kilikuwa na kiyoyozi ambacho fundi alikichungulia kwanza kabla hata ya kuitazama bahari, akakisifu, akakiweka kwenye baridi kali kabisa. Walilala wamejifunika mpaka puani.

Asubuhi Bosi alitangulia nje. Mama alichukua kamera mezani akamfuata, miguu peku, mchanga bado una unyevu wa usiku. Anga na maji vilikuwa rangi moja, hujui kipi kimeishia wapi. Binti alikuwa amesimama maji yakimfika kwenye vifundo, mgongo kwa nchi kavu, mikono ameiachia tu. Mama akasubiri. Hakumwita. Wimbi likaja lenye nguvu kuliko lilivyoonekana, likampiga magotini. Bosi akapiga ukelele, akageuka akicheka, uso mzima, mikono yote miwili hewani.

Mama akabonyeza.

Akatazama kioo cha kamera. Hakukuwa na kitu. Weupe mtupu, kama maziwa, na katikati doa la rangi ya gauni. Alifuta lenzi kwa upindo wa kanga. Ikapata ukungu tena palepale.

"Imekufa," alimwambia mumewe aliyekuwa anakuja akipiga miayo. "Kamera ya watu imekufa."

Fundi aliigusa, akaanza kucheka. "Haijafa, ina jasho. Imelala kwenye baridi, imetoka ghafla kwenye joto. Chupa ya soda ukiitoa kwenye friji huwa inafanya nini? Iache ipate joto, ukungu utaisha wenyewe."

Bosi alikuwa ameshafika, maji yanamtiririka. "Umenipiga. Nimekuona. Ifute."

Mama hakubishana. Alimpa kamera. Binti akaikinga jua kwa kiganja, akatazama. Akatazama tena, kwa muda mrefu. Ndani ya weupe ule palikuwa na mtu, ndiyo, mikono juu, ameinamia nyuma kidogo, na mahali pa uso palikuwa na mng'ao tu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe. Imeharibika, mwanangu. Hospitalini hii ningeirudia."

"Usiifute," Bosi alisema. Akarudisha kamera, akarudi majini, akasimama akiwaelekea. "Piga nyingine."

Mama alimtazama mumewe. Fundi alijifanya anatafuta makombe.

Akapiga. Weupe, na ndani yake kivuli cha mtu. Akapiga tena, sasa palikuwa na mabega, na mstari wa maji. Jua lilikuwa linapanda na kamera ilikuwa inapata joto mkononi mwake, na kila picha ilitoka ikiwa imeamka zaidi ya iliyotangulia. Yalionekana macho kabla ya mdomo. Ilionekana pua. Bosi alijua kwamba ukungu unaisha, alikuwa amemsikia baba yake vizuri kabisa kuhusu chupa ya soda. Mkono wake ulipanda mara moja, ukafika kifuani, ukasita hapo, ukashuka.

"Endelea," alisema.

Picha ya mwisho ilikuwa safi kabisa. Matone ya maji yalihesabika kwenye nyusi.

Waliitazama pamoja wamechuchumaa mchangani, vichwa vimegusana, kivuli chao kimefunika kioo. Kidevu kilikuwa pale, kimeegemea upande wake.

"Kumbe ndivyo kilivyo," Bosi alisema.

"Ndivyo kilivyo."

"Nilidhani ni kibaya zaidi." Akavuta kamasi, pengine ni maji ya bahari. "Lakini hii usimwonyeshe mtu. Hata shangazi. Ile ya kwanza ndiyo uitundike."

"Sawa, Bosi," mama alisema, na ahadi hiyo ameishika.

Siku ya kuondoka, wakati fundi anahangaika na mizigo, familia ya wageni wengine ilimwona mama na kamera shingoni, wakamwomba awapige kwa simu yao. Walikuwa wengi, wa kila umri, na katikati yao bibi mmoja kwenye kiti cha plastiki ambacho miguu yake ilikuwa inazama mchangani polepole. Kila walipomwinua, alizama upande wa pili. Walianza kucheka, na bibi akacheka kuliko wote, na hapo hapo, katikati ya kicheko, mama akawapiga. Wakamshukuru, wakachukua simu yao, wakaenda.

Ndani ya gari alikaa nyuma, binti amelala begani kwake. Aliwaza kwamba picha ile itakaa katika nyumba asiyoijua, labda ukutani, labda kwenye simu ya mjukuu, na watu wataitazama miaka mingi bila kujiuliza ni nani alikuwa amesimama upande huu. Wazo hilo lilimpendeza kwa namna ambayo hakuweza kuieleza. Dirisha lilikuwa wazi, na upepo wa joto ulikuwa unaingia ukiwa bado na chumvi.