Kidole Kilichobaki

Mimi kuketi siwezi. Mamangu alikuwa akisema, "Mtoto huyu ni kuku mtaka kutaga." Nikiwekwa barazani, mara nishafika jikoni. Nikiwekwa jikoni, mara niko dirishani namuigiza muuza kahawa na sauti yake ya puani. Lakini mwaka huu kutotulia kwangu kumezidi, kwa sababu shoga yangu alipatwa na kiharusi, akanyamaza.

Nikisema shoga sisemi mtu wa salamu tu. Tumetoka pamoja usichanani mpaka kwenye mvi. Mimi skuli sikuingia hata mlango. Kusoma kwangu ni kwa masikio. Mashairi alinitia yeye, na alinitia kwa vidole. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Kunja gumba huku na huku, shoga. Vimebaki vingapi?"

"Vinane."

"Basi hicho ndicho kipande. Kila sauti ikitoka mdomoni, angusha kidole kimoja. Kidole kikibaki, umepunguza. Vidole vikikwisha na wewe bado wasema, umezidisha."

Ndiyo elimu yangu hiyo, sina nyingine. Utenzi ni mikono mara moja kila mstari, mistari minne. Mitatu yalingana mwishoni, na wa nne una mwisho wake, nao huo huo waurudia kila ubeti mpaka utenzi uishe. Utenzi hutembea, haukimbii, ndiyo maana watu huutilia visa na wasia na dua. Shairi ni mikono mara mbili: washusha vinane, wavuta pumzi, washusha vinane tena. Hapo kwenye pumzi pana kina chake, na mwisho una chake. Na wimbo wetu wa harusini ni mistari mitatu tu, sita kwa sita, kama mtu aliyekupiga kofi akakimbia.

Beti iliyopunguka au kuzidi ina jina lake: guni. Neno hilo shoga yangu alikuwa nalo mdomoni kama tambuu. Vugo limekolea harusini, wanawake twagonga pembe za ng'ombe, jasho latutoka, mtu akitoa wimbo wenye kilema yeye huinua mkono: "Guni! Rudia!" Pembe zote kimya. Awe mama wa bwana harusi, atarudia! Hata Biashara Street hanunui leso mpaka ayahesabu maneno yake kwa vidole. Mwenye duka humuonyesha maua, yeye mato yako kwenye maandishi. "Leso hino guni, nipe nyingine." Na mimi nyuma yake nimebana pua, nimeinua kidevu: "Leso hino guni!" Hunifinya mpaka alama ibaki mkononi.

Sasa mtu huyo alale, upande wa kulia wote umekufa, mdomo umekwenda kando, na neno halitoki.

Binti yake akaja kutoka Malindi kumuuguza. Mtoto mwema, sisemi. Ila ana sauti kama filimbi ya birika la chai. Daktari alimwambia, nami nilikuwepo, na maneno yake nayatoa kama yalivyo: "Mama, hii ugonjwa imeshika kichwa. Mambo ya kuongea, tungoje tu. Pengine hata hasikii vile tunasema." Yeye akalichukua lile "pengine" akalifanya hakika. Akawa amsema mamake mbele ya mamake, kama asemaye habari za kabati.

"Mama mdogo, Mama hayuko tena. Hapa pana mwili tu. Mwisho wa mwezi namchukua Malindi, nyumba hino naifunga."

"Mamako yuko."

"Wajuaje?"

Nilishuka ngazi, nikapanda tena, nikashuka. Jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Basi kila asubuhi natoka kwangu Makadara, nanunua viazi karai, naingia tuk-tuk mpaka pale ndia inapokuwa nyembamba, kisha miguu, kisha zile ngazi zao za kuua watu. "Hodi!" "Karibu, mama mdogo. Shikamoo." "Marahaba, mwanangu. Amesema?" "Atasema nini?"

Nilianza na utenzi, maana mgonjwa huanzwa kwa dua. Nilikaa, yaani nilijaribu kukaa, nikamwambia:

*Mola wangu nakuomba,*
*Wewe mwenye kutuumba,*
*Mtie nguvu za simba,*
*Ainuke kitandani.*

Binti akasema amina, akafuta machozi. Shoga yangu akatazama boriti za dari.

Siku ya pili nikaona dua amezizoea, huyu ni mtu wa kuchokozwa. Nikamwekea chai karibu na pua nikamtupia wimbo wa ngomani:

*Shoga wajivunga, na mdomo wako,*
*Chai nimetenga, kikombe ni chako,*
*Usipojichunga, nakunywea yako.*

Na nikainywa kweli, kwa mlio. Binti akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama mdogo! Mgonjwa hutaniwa?" Nikamwambia mimi dawa yangu ndiyo hino, ya daktari anayo daktari. Lakini moyoni nilikuwa nimevunjika, maana kwa wimbo ule zamani angenijibu kabla sijameza. Na desturi yetu, ukitupiwa beti huachi ikalala. Huirudisha kwa vina vile vile. Yeye beti zangu mbili zilimlalia kifuani kama chupa tupu.

Siku ile binti akaniomba kitu. "Mama mdogo, wewe waweza kumuigiza kila mtu. Niigizie Mama, nisikie sauti yake tu." Nikakataa. Mimi nimewaigiza mashehe, wauza samaki wa Liwatoni, mpaka paka. Lakini mtu huigizwa ili akasirike. Ukimuigiza asiyeweza kukasirika, huko ni kumlilia maiti, na mimi nilikuwa nimesema yuko.

Mwezi ukawa wakaribia kwisha. Masanduku yalishatolewa uvunguni. Nilikwenda nimekesha, viazi nimevisahau kwenye tuk-tuk, nikasimama miguuni pake nikamtolea shairi. Sikumtania.

*Nakujia kwa salamu, shoga yangu wa moyoni,*
*Kimya chako ni kigumu, kimenikaa kooni,*
*Chakula hakina tamu, usingizi siuoni,*
*Nijibu nikufahamu, u wapi duniani?*

Nikainama kuvuta pumzi, nikaona kitu juu ya shuka. Mkono wake wa kushoto, ule mzima. Gumba limekunjwa. Vidole vinne vilikuwa vikishuka, shahada, cha kati, cha pete, kile kidogo, kisha vyaanza tena, maana kwa mkono mmoja kipande ni vinne mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Kidole chake kidogo kilikuwa kimebaki juu, peke yake, chatetemeka, chaningoja.

Nikahesabu. U-wa-pi-du-ni-a-ni. Saba! Ilikuwa niseme "uko wapi", haraka zangu zimekula moja.

Nilimwita binti kwa sauti ya kuita wazima moto. "Njoo! Njoo utazame mkono wa mamako!" Akaja na mwiko wake mkononi, akasema mkono hutetemeka tu, ni ugonjwa. Nikamwambia, "Nyamaza, uone." Nikauchukua ule utenzi wangu wa dua, ule mzuri aliouitikia amina, nikauvunja mguu makusudi:

"*Mola nakuomba...*"

Vidole vikashuka mara sita. Viwili vikabaki hewani. Uso wake ukakunjana, ule upande mzima. Nikaurudia vile vile, kibovu, na sauti kubwa. "*Mola nakuomba!*" Akageuza shingo. Akanitazama mimi, hakutazama boriti. Mdomo ukahangaika, mate yakamtoka, na kutoka ndani kabisa, kama mtu ainuaye gunia, akasema:

"Gu... ni."

Mwiko ulianguka. Binti alipiga magoti pale pale, "Mama! Mama wanisikia?" Mamake akamtazama yeye na kilio chake kisicho na mpango, akamwambia na yeye, "Guni."

Masanduku yalirudi uvunguni. Neno ni hilo moja bado. Uji, guni. Daktari alipomuuliza jina lake, guni. Na mimi kila asubuhi napanda ngazi zile na beti niliyoivunja njiani, na si kazi rahisi kuvunja kitu ulichofunzwa kukitimiza. Nazunguka nayo mdomoni, situlii.

Jana binti aliniomba tena. "Sasa waweza kumuigiza?" Nikabana pua. Nikainua kidevu. Nikaupinda na mdomo kando, kama ulivyo sasa, na mate kidogo.

"Gu... ni."

Mkono wa kushoto ukatoka kwenye shuka, polepole, ukanitafuta, ukanifinya. Kuuma, uliuma kwelikweli. Ila shairi langu la kimya hajalirudisha bado, namngoja.