Jinsi Nilivyochanganya Nguvu Tatu

Watu wa kanisani huniuliza kama mtu anaweza kufunga, kufanya mazoezi ya pumzi na kutuliza fikira kwa wakati mmoja bila kujidhuru. Anaweza, akiwa na akili. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari, na nilidhani ni kitu kile kile.

Miaka ile baada ya uhuru, kikundi chetu kilinunua shamba la mzungu mmoja upande wa Ziwa. Kugawana kulikuwa kwa bahati: namba za ploti ziliandikwa kwenye vikaratasi, zikatiwa ndani ya mkebe wa biskuti, na kila mwanachama angevuta yake. Ploti chache zilipakana na mto. Mke wangu, aliyechoka kupanda mlima na debe la maji kichwani, alitaka mojawapo ya hizo, basi.

"Wacha nivute mimi," aliniambia. "Mkono wangu hauna haraka."

Nilicheka. Mimi, karani wa mjini Eldoret, nimwachie mwanamke mkebe? Tena nilikuwa nimeshaanza kukusanya nguvu za kuuongoza mkono wangu mpaka kwenye karatasi ya mtoni.

Ya kwanza nilifundishwa na fundi wa nguo, mzee wa Kihindi aliyeshonea kwenye baraza karibu na ofisi yetu. Kila asubuhi alikaa akivuta pumzi na kuizuia, na sikuwahi kumsikia akikohoa. "Lakini kama tumbo iko tupu, pumzi hapana funga," alinionya. "Wewe taanguka kama gunia." Ya pili ilitoka kwa mama mwombaji wa kanisa la kanzu nyeupe, kando ya barabara ya kwenda Turbo: siku tatu bila kula. "Ukifunga, kijana wangu, kaa kivulini uombe. Usichanganye na mambo ingine." Ya tatu ilikuja kwa posta, kijitabu cha ng'ambo kilichoniagiza nikodolee macho nukta nyeusi ukutani mpaka viganja vipate joto. Ukurasa wa kwanza ulisema nijifunze hatua moja kwa mwezi, na nikiona kizunguzungu niache. Ukurasa huo niliusoma baadaye sana.

Walimu watatu wasiojuana, na wote walisema pole pole. Nilichukua nguvu kwa kila mmoja, onyo nikamwachia, kama mtu anayenunua lori na kumrudishia mwenye duka breki.

Siku ya kuvuta nilisimama kwenye foleni juani, siku ya tatu bila kula, nimezuia pumzi, macho yamekodolea kifungo cheusi cha koti la mtu wa mbele.

"Bwana karani, umemeza nini?" aliuliza jirani nyuma yangu. "Mashavu kama ya mpiga tarumbeta!"

Watu wakacheka. Sikumjibu, ningepoteza pumzi. Kisha katibu akaita jina langu, nami nikaanguka kama gunia.

Walinimwagia maji na kunivuta kivulini. Katibu akatangaza sheria: asiyeweza kuvuta amtume mtu wa nyumbani kwake, la sivyo atabaki na karatasi ya mwisho. Mke wangu akapiga magoti kando yangu.

"Baba watoto, sema ndiyo tu. Nikuvutie."

Nilimsikia vizuri. Niliona foleni ikisonga na watu wakiruka kwa furaha na vikaratasi vyao.

"Hapana," nikasema. "Ngoja kidogo. Joto linarudi mkononi."

Kweli lilirudi. Nilipofika kwenye mkebe kulikuwa na karatasi moja. Hata kuku angeivuta.

Tulipata kilima cha mawe. Mto tuliuona kwa mbali, chini kabisa, na mke wangu akaendelea kupanda na debe. Mimi niliwaambia watu kwamba nilirogwa, na nikamtaja yule jirani wa tarumbeta. Walinisadiki. Mtu yule aliacha kupita kwetu, na watoto wake wakakimbia wakiniona.

Uzeeni, mke wangu alipoanza kuumwa na shingo, nilimwambia ukweli: kwamba sikurogwa, kwamba siku ile alipopiga magoti akili zangu zilikuwa timamu, na kwamba nilijua ninachokataa.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unaniangalia machoni."

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kunisema, hata mara moja.

"Ningekusema saa ngapi? Nilikuwa mtoni."