Mguu Wangu Kwenye Karai

Hadi leo nikishuka bodaboda pale Makutano, harufu ya ekzosi yenye moto hunifanya niuvute mguu wa kulia upesi, hata nikiwa nimevaa suruali nzito. Nilichomwa nayo nikiwa darasa la nne, siku tuliyotoka soko la Gakoromone na Mama, mimi nimepakata kabichi. Mama alinipaka dawa ya meno, kama kila mtu kwetu alivyofanya, tukasahau.

Lakini kidonda hakikupona. Kilikaa pale kwenye shavu la mguu, chini ya soksi ya shule, kikafanya utando wa manjano, kisha kikaanza kunuka. Mwenda, niliyekaa naye dawati moja, alisogea kidogo kidogo mpaka akawa ananing'inia ukingoni mwa benchi. Afadhali angeniambia kwamba nanuka. Kanisani nikawa nakaa nyuma kabisa, mlangoni, upepo unapoingia.

Mwishowe Mama alinipeleka zahanati. Nesi aliugusa ule utando akasema, "Mama, hii si ngozi mpya. Ni nyama iliyokufa, na vijidudu vimejificha humo. Isipotoka, hakiponi." Akamwonyesha jinsi ya kukiosha kila siku kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kukipangusa kwa shashi safi, hata nikilia.

Nililia, tena sana. Nduru zangu zilivuka shamba la kahawa, na jioni ya pili Mama Mwenda, mamake yule wa dawati, akaja mbio, kitenge kimelegea.

"Mama Karimi, unaua mtoto?"

Mama akamwonyesha mguu wangu kwenye karai la maji ya chumvi. "Nawa mikono na sabuni, unishikie huu mguu."

Nilijifunika uso kwa sweta. Mamake Mwenda, pua yake juu ya usaha wangu! Nilijua kesho darasa zima litakuwa na habari. Alikohoa mara moja, akageuza uso pembeni, kisha akakishika kifundo changu kwa mikono miwili. "Woi, Karimi. Lia tu, lakini mguu usiutoe."

Alirudi kila jioni bila kuitwa, mpaka nyama ikawa nyekundu, harufu ikaisha, ngozi ikafunga. Mwenda hakuwahi kutaja lolote. Alirudi tu kukaa vizuri kwenye benchi.

Kwa miaka mingi nilimlaumu Mama kwa aibu ile. Mtu aliyeweza kumshika ng'ombe peke yake akimnywesha dawa, alishindwaje na mguu wa mtoto wake, mpaka aniweke wazi mbele ya jirani? Kisha juzi binti yangu alianguka akachubuka goti, mchanga ukaingia ndani. Nilipoanza kulisafisha akapiga kelele, na mkono wangu ukasimama wenyewe. Ndipo nilipoelewa. Mama hakutafuta mtu wa kunizuia mimi nisitoroke. Alitafuta mtu wa kusimama pale ili yeye asiache kuosha.