Kumtafuta Mtu Ukumbini Ilomba

Mama yangu hakuwahi kuelewa nilichokuwa nasomea, na simlaumu. Nilipomwambia kwamba utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, pale chuoni Iringa, unahusu watu wa kawaida wanavyocheza muziki kwenye sherehe zao, aliendelea kupepeta mahindi, akauliza, "Na wasiocheza je, wao hawasomewi?" Majirani zetu wa Idodi aliwaambia nasomea maendeleo ya jamii. Nikaacha iwe hivyo.

Mwalimu aliyenisimamia naye alikuwa na lake. Alitaka niende vijijini nikarekodi ngoma za asili. Mimi nilitaka shangazi wa mtu, aliyevua viatu, anayecheza katikati ya viti vya plastiki Jumamosi mchana. Tulivutana karibu muhula mzima. Mwisho akakubali kwa sharti moja, kwamba niangalie tu, nisicheze. "Ukishaingia kucheza, huoni tena," alisema, kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaitwa kwenye sherehe siku nyingi. Nilikasirika lakini nikatii, maana yeye ndiye wa kupitisha kazi.

Basi nikawa mgeni wa kila sherehe, nimekaa pembeni na simu ya kurekodi, sahani ya wali mapajani. Iringa kwenye kumbi za makanisa watu hucheza kwa hatua za kwaya, hata muziki ukiwa si wa kwaya. Mbeya hawangoji kuitwa, spika ikijaribiwa tu, mama mmoja yuko katikati. Kitu kilichonivutia kuliko vyote nilikiona kote kuwili, kwenye sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Mchumba hakai meza kuu. Anafichwa katikati ya wageni, na MC anamtuma binti akamtafute. DJ anaweka muziki, binti anazunguka ukumbi akicheza, shada la maua mkononi. Anajua fika mtu wake kakaa wapi, lakini akimwendea moja kwa moja wanawake watasema ana haraka na mume. Kwa hiyo anampita, anarudi, anawachungulia usoni wanaume wasiohusika, watu wanacheka. Akishampata anamvisha shada, anamleta mbele wakicheza, na MC anauliza swali lilelile, Iringa na Mbeya, "Umetuletea nani?" Binti anajibu mbele ya wote. Kuanzia hapo mtu huyo ana kiti, na hakuna wa kumuuliza katokea wapi.

Mbeya nilifikia Ilomba kwa mama mdogo, anayeuza mchele. Ni mdogo wake mama yangu. Dada yao mwingine alifariki akaacha kichanga, na mama mdogo ndiye aliyekilea, hata meno hakijaota. Huyo ndiye mdogo wangu, na mwaka ule niliokuwa na utafiti wangu ndio aliokuwa anaolewa. Baba yake alikuwa Chimala, kaoa mke mwingine zamani, mtu wa kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Hakuwa mbaya. Hakuwepo tu.

Kamati ya sherehe ilikaa sebuleni kwa mama mdogo, ikanywa chai yake, ikapanga. Mwenyekiti, jirani mmoja anayependa utaratibu, akasema wazazi wa binti wanaingia ukumbini kwa kucheza, wawili wawili, baba na mama. Baba anakuja kutoka Chimala na mkewe. Basi wataingia hao, na meza kuu watakaa hao. "Mama hapa hana mwenzake," alisema akimwonyesha mama mdogo kwa kidevu. "Ataingia na nani?"

Nilimtazama mama mdogo nikisubiri awake. Mtu huyu aliwahi kumrudisha mwenye lori kutoka Uyole kwa sababu ya gunia moja lenye mawe. Akasema, "Sawa. Mimi nitakuwa jikoni. Wapishi wa siku hizi wanaunguza." Kisha akakusanya vikombe. Roho iliniuma sana, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyeona ajabu.

Siku iliyofuata tulikuwa uani, mimi na mdogo wangu, tunachambua mchele wa sherehe. Alikuwa kanuna tangu asubuhi. Akaniuliza, "Dada, kwenye sherehe zote ulizozunguka, bibi harusi akiambiwa atafute, amewahi kutoka nje ya ukumbi?"

"Sijaona," nikamwambia.

"Ni mwiko?"

"Sidhani. MC atachanganyikiwa tu."

"Achanganyikiwe," akasema, akaendelea kutoa mawe.

Nilielewa, na nikaogopa. Nilimjua mama mdogo. Hachezi. Nilimbembeleza mara nyingi anionyeshe namna walivyocheza enzi za usichana wao kule Idodi, akanijibu kila mara kwamba mguu wake ni wa shamba. Akivutwa mbele za watu akagoma, ataaibika yeye, ataaibika binti, na itathibitika mbele ya mwenyekiti kwamba mahali pake ni jikoni.

Jumamosi baba akaingia na mkewe, wakicheza kwa adabu kama watu wanaovuka matope. Yule mama wa Chimala alivaa gauni jipya na viatu virefu, na macho alikuwa kayashusha. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, ikawa shida. Alikaa kwenye kile kiti cha meza kuu ukingoni kabisa, mkoba kaushika kwa mikono miwili.

Ikafika zamu ya kutafuta. Mchumba alifichwa karibu na dirisha, katikati ya wajomba. Mdogo wangu akaanza vizuri, akacheza meza ya kwanza, akamchungulia mzee mmoja aliyesinzia, ukumbi ukacheka. Akamfikia mchumba. Yule kijana akainuka nusu, shingo tayari. Akampita. Kijana akakaa. Watu wakapiga vigelegele, huo ndio mtindo. Lakini hakurudi. Alicheza mpaka mlango wa nyuma, akatoka.

MC akasema, "Jamani, bibi harusi ametukimbia?" DJ akataka kuzima, nikampungia mkono kwa nguvu asizime. Huko nyuma sikusikia kilichosemwa. Tuliwaona tu wakitokea mlangoni, mdogo wangu anacheza kinyumenyume, kamshika mama mdogo mkono mmoja. Mkono mwingine wa mama mdogo ulikuwa na mwiko. Kichwani kilemba cha kazi, kifuani aproni yenye mafuta, na shada la mchumba shingoni.

Alikuwa anatembea tu. Amekaza mabega, anatazama sakafu, na ukumbi wote unamtazama. Nilisema moyoni, basi, imekwisha. Wakafika katikati. Mdogo wangu akamshika na mkono wa pili, mwiko na vyote, akaendelea kucheza mbele yake bila kumharakisha. Ndipo nikaona visigino vya mama mdogo. Vilikuwa vinasogea, kidogo kidogo, haviachi sakafu, ile hatua ya wanawake wa kwetu Idodi ambayo alinikatalia miezi yote. Nikapiga kelele. Kile kipande cha kurekodi kinatikisika mpaka mwisho, na mwalimu baadaye aliniuliza kwa nini. Nikamwambia nilikuwa nacheza. Akasema nimekiharibu, nikasema sawa.

Wakafika mbele. MC hakuwa na swali jingine ila lile alilolizoea. "Umetuletea nani?"

"Mama," mdogo wangu akasema.

Mwenyekiti alikuwa anachunguza ratiba yake kama imeandikwa Kichina. MC, kwa kukosa la kufanya, akampa mama mdogo maiki. Akaishika karibu na mwiko, akasema, "Nimeacha pilau kwenye moto." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Viti vya meza kuu vilikuwa vimejaa. Yule mama wa Chimala akasimama. Akavua viatu virefu, akavisogeza chini ya meza. Akaja mbele, akamfungua mama mdogo aproni kwa nyuma, akaifunga juu ya gauni lake jipya, akachukua mwiko, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuagizwa na mtu. Mama mdogo akakaa pale alipotoka mwenzake, na mdogo wangu akaenda kumchukua yule kijana wa watu, aliyekuwa bado anangoja dirishani.

Wakati wa chakula mama wa Chimala alipita na sahani, miguu mitupu, jasho usoni. Meza kuu alianzia kwa mama mdogo. Mama mdogo akapokea, akamwuliza.

"Umefunika sufuria?"

"Nimefunika, dada."

Mama mdogo akasogea, akamwachia nusu ya kiti.

"Basi kaa," akasema.